Mwanangu anamwita rafiki yake "buda": maneno ya vijana huenda wapi yakizeeka?

"Nina miaka 49, mzaliwa wa mtaa wa Jericho hapa Nairobi, na sasa naishi Umoja na familia yangu. Enzi zetu Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, tuliiongea kutwa kucha, na buda alikuwa mtu mmoja tu: baba aliyekuzaa. Juzi nilimsikia kijana wangu wa Gredi 8 akimwambia mwenzake kwenye simu, 'Buda, nakam,' yaani nakuja. Nikaitika, nikidhani ameniita mimi. Nilipomuuliza kama amekosa adabu alishangaa, akasema siku hizi kila mtu ni buda. Nikimtuma dukani na noti ya 500 nikaiita Jirongo, hajui nasema nini. Yeye naye akianza mambo ya rada, mbogi na luku, mimi ndiye ninayeachwa nje. Mwalimu wake wa Kiswahili ameniandikia kwamba Sheng ndiyo inayomwangusha kwenye insha. Naomba kujua: Sheng yetu ilikufa? Hii yao ni lugha kweli ama ni njia ya kuficha mambo? Nimkataze?"

Mzazi mwenzangu, naona ndani ya barua yako kuna maswali matatu yaliyoshikana. Moja ni la heshima: jina ulilompa baba yako sasa anapewa mtu yeyote. La pili ni la lugha yenyewe, kwamba ile Sheng uliyokua nayo huisikii tena. La tatu ni la shule. Nitayajibu yote, ila naanza na la heshima kwa sababu naona ndilo lililokuuma.

Buda ni neno lililotujia kutoka lugha za Wahindi, na huko maana yake ni mzee, mwanamume aliyekula chumvi nyingi. Vijana wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, walipolichukua wakampa baba, maana nyumbani mzee ni baba. Kwa hiyo hata lilipokufikia wewe lilikuwa limekwisha kuhama mara moja, kutoka kwa mzee yeyote hadi kwa mzazi. Kwa kijana wako limehama tena, kutoka kwa mzazi hadi kwa rafiki.

Sasa kumbuka mlivyokuwa mkiitana nyinyi mlipokaa bazeni, kijiweni penu, pale Jericho. Msee, bila shaka. "Msee, twende." "Wasee wako wapi?" Msee huyo ni mzee, sauti ya z ikageuzwa s, basi. Jina ambalo babu yako kijijini aliitwa kwa kuinamiwa kichwa, wewe ulimpa kijana wa miaka 16 mwenye baiskeli ya kuazima. Sidhani ulikusudia kumvunjia babu heshima. Hata hukumfikiria, kwa sababu msee kwako lilikuwa neno lingine kabisa. Kijana wako naye alipomwambia mwenzake "buda" hakukufikiria wewe.

Mambo haya yana njia yao ya kutokea. Vijana wakitaka kupeana uzito, humvisha mwenzao jina la mtu mwenye uzito. Mwanzoni kuna mzaha ndani yake, na kila mmoja anausikia. Likishasemwa asubuhi, mchana na jioni, mzaha unakwisha na uzito nao unakwisha, linabaki neno la kumwita mtu tu. Hapo wazazi wanahitaji jina jipya, nalo hupatikana: fathee, mbuyu, mzae, kila mtaa na lake. Panda gari la Umoja Innercore saa moja asubuhi usikilize makanga, yaani kondakta. Abiria wa kwanza ni "mkubwa", wa pili "kiongozi", wa tatu "mdosi", na mwanafunzi mwenye begi mgongoni ni "bosi". Hakuna anayedhani amepandishwa cheo. Lakini makanga huyo huyo akimwambia abiria "wewe kijana", utaona uso unavyobadilika. Majina ya heshima yanapochakaa hayawi matusi. Yanakuwa adabu ya kawaida, na kuyaacha ndiko kunakoonekana ukosefu wa adabu.

Hiyo haimaanishi uumie kimya. Nyumbani kwako una haki ya kusema unaitwa baba, na kijana akikataa kukusikia, hilo ni kosa la kukataa kusikia, na ulishughulikie hivyo. Neno lenyewe halina hatia.

Tuje sasa kwenye swali lako la pili, ambalo ndilo lenye nyama. Kwa nini maneno ya vijana hayadumu?

Kwa sababu yamepewa kazi mbili. Ya kwanza ni kutaja kitu, kama neno lolote. Ya pili ni kumtambulisha msemaji: mimi ni wa hapa, wa rika hili, wa baze hii. Kazi ya kwanza neno linaweza kuifanya miaka mia. Ile ya pili hufa siku watu wasiohusika wanapolijua. Mzazi akilisema mezani, mwanasiasa akalipigia kelele uwanjani, kampuni ikalibandika kwenye bango la Jogoo Road, basi halimtambulishi tena mtu yeyote. Kijana hana chuki na neno hilo. Halimfai tu, anatafuta jingine.

Ndiyo maana maneno hayo hurundikana mahali pamoja. Kitu kama meza au mlango kina jina moja katika Sheng, au hakina kabisa. Lakini polisi ni karao, sanse, ponyi na mengine ambayo sitayamaliza. Pesa, pombe, sigara, wasichana, wavulana: huko ndiko majina yanapozaana. Mwanaisimu Mwingereza Michael Halliday aliandika mwaka 1976 kuhusu lugha za makundi yanayojitenga na jamii, akaonyesha kwamba jambo hilo ni la kawaida kwao: kundi hurundika maneno pale linapogusana na wengine kwa hofu, kwa tamaa au kwa fahari. Ukitaka kujua mtaa unaumwa wapi, angalia ni vitu gani vina majina mengi. Tazama pia jinsi jina la mwanamume mwenye fedha anayemlea msichana mdogo lilivyobadilika: alikuwa shuga dadi, akawa sponsa, sasa ni mubaba. Mambo yenyewe hayajabadilika. Kila jina lilikuja likiwa na kicheko cha kulifunika jambo, kifuniko kikatoboka, likatafutwa jingine.

Pesa inastahili tukae nayo kidogo, kwa sababu ndani yake utaiona historia ya jiji hili. Wazazi wetu walihesabu kwa pauni, na pauni ilikuwa shilingi 20. Hata serikali kwa miaka mingi baada ya uhuru ilisoma bajeti yake kwa pauni za Kenya. Walikuwa na ndururu ya senti 5, peni ya senti 10, thumuni ya senti 50. Sarafu hizo hazinunui kitu tena, lakini mtu wa Nairobi ambaye hajawahi kuishika ndururu bado anasema "sina ndururu", yaani sina kitu kabisa. Kitu kimekufa, neno limejificha ndani ya msemo likapona. Kwa upande mwingine mbao ya shilingi 20, finje ya 50, soo ya 100 na thao ya 1,000 bado zinatembea, kwa sababu zinasemwa kila siku kwenye magari na vibandani, na hesabu haipendi kubadilishwa ovyo. Kwenye kulipa nauli hakuna nafasi ya kumwonyesha mtu kwamba wewe ni wa kisasa. Unataka chenji yako.

Jirongo yako je? Neno hilo lilizaliwa mwaka 1992, kwenye kampeni za uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya mfumo wa chama kimoja. Kundi la Youth for KANU '92, la kukipigia debe chama tawala cha KANU, lilisifika kwa kumwaga fedha, na kiongozi wake alikuwa Cyrus Jirongo. Watu wakaipa noti ya 500 jina lake. Wewe ulikuwa kijana wakati huo, ulikuwepo, ulisikia mitaani fedha zikizungumzwa. Kwako neno lina hadithi ndani. Kijana wako amezaliwa hadithi hiyo imekwisha, na noti ya 500 si ya ajabu tena mkononi mwake. Jina lililoshikiliwa na tukio hudhoofika pamoja na kumbukumbu ya tukio hilo. Halikufa kwa sababu Sheng yenu ilikuwa mbaya au yao ni bora.

Siasa, kwa kweli, ndiyo inayowahi kuua maneno. Mwaka 2002 nchi nzima ilikuwa "unbwogable", neno lililojengwa juu ya bwogo la Kijaluo, kutisha, likatoka kwenye muziki wa Gidi Gidi Maji Maji likapelekwa kwenye mikutano ya hadhara. Mtu akijiita hivyo leo, unajua umri wake. Mwaka 2017 ilikuwa "tano tena", kumwombea rais miaka mitano mingine. Halafu tazama hasla. Kabla ya siasa kulichukua lilikuwa neno la kawaida la kijana anayehangaika na kibarua, anauza mitumba Gikomba au anasukuma mkokoteni Muthurwa. Lilipoingia kwenye kampeni za 2022, kisha likawa jina la mfuko wa mikopo wa serikali uliozinduliwa Novemba mwaka huo, halikuwa tena lake. Ukilitamka leo, anayekusikiliza anajiuliza kwanza uko upande gani. Hilo linanisikitisha, kwa sababu lilikuwa neno la watu wanaofanya kazi kwa bidii.

Kuna maneno yanayopita njia ya kinyume, kutoka kamusini hadi mtaani. Kufuliza ni Kiswahili cha zamani: kufanya jambo mfululizo bila kukatiza. Safaricom ilipoanzisha huduma ya Fuliza mwaka 2019, ya kukuwezesha kukamilisha malipo ya M-Pesa hata kama salio halitoshi, neno likapata maana mpya ndani ya muda mfupi sana. Muulize kijana wako "kufuliza" ni nini. Atakwambia ni kukopa. Nalo rauka, kuamka alfajiri, vijana wengi hudhani ni Sheng tupu, kumbe limo kwenye kamusi za Kiswahili kutoka enzi za wakoloni. Ukitaka kumwonyesha mwanao kwamba Kiswahili sanifu na Sheng si maadui, mtafutie maneno ya aina hiyo.

Kwa hiyo Sheng yenu haikufa. Imegawanyika. Sehemu moja imekuwa Kiswahili cha kawaida cha Nairobi, hata humtambui aliyekileta: poa, fiti, kuhepa, kusota, chapaa. Mchungaji anayasema madhabahuni. Sehemu nyingine imebadilisha maana, kama buda na msee, na kama noma, ambalo lilikuwa balaa na sasa pia ni sifa, ukisikia mtu anaitwa mnoma. Sehemu ya tatu imebaki kwa rika lenu, na mkikutana mtaani kwenye mazishi au harusi mnaisikia. Sehemu ndogo tu ndiyo iliyopotea kabisa.

Wakati mwingine neno huacha mtoto nyuma. Matatu ni mfano ninaoupenda kuliko yote. Nauli ilikuwa senti 30, sarafu tatu za senti 10, na gari likaitwa kwa nauli yake. Vijana wakaichukua ile tatu wakaitia Kiingereza: mathree. Kisha wakaikata: mat. Sasa gari lenye michoro, taa na muziki wa kutikisa vioo ni nganya. Matatu lenyewe halikuzeeka. Limeingia hata katika kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford. Na aliyeningʼinia mlangoni alikuwa manamba. Ukienda Tanzania, wazee watakwambia manamba ni vibarua wa mashamba ya mkonge enzi za Tanganyika, walioandikishwa kazi kwa namba. Neno moja, nchi mbili jirani, na kila moja imelipeleka kwenye taabu yake.

Kilichobadilika zaidi ni kasi. Enzi zako neno lilipanda gari. Lilizaliwa Kaloleni au Dandora, likasafiri na makanga hadi Buruburu, likapelekwa shule za bweni likarudi likizoni na watoto wa mitaa mingine. Ilichukua miezi, pengine miaka, na kwa muda huo baze yenu ilikuwa na neno lake peke yake. Baadaye vituo vya redio kama Ghetto Radio vikaanza kutangaza kwa Sheng, na sasa kuna TikTok. Neno la Kayole la asubuhi linaweza kusemwa Kisumu na Mombasa jioni. Likishakuwa la kila mtu halina kazi ile ya pili, kwa hiyo vijana wanalazimika kubuni upya mara nyingi zaidi. Wewe ulikuwa na muda wa kulizoea neno, mwanao hana. Wakati mwingine hata kaka mtu wa miaka 20 haelewi ya mdogo wake wa miaka 13.

Umeuliza kama ni lugha kweli. Wataalamu hawakubaliani waiite nini: wengine wanaiona ni lahaja ya mjini ya Kiswahili, wengine ni msimbo wa vijana tu. Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde, katika makala yao ya 1997, walitofautisha hata Sheng ya Eastlands na Engsh, iliyoegemea Kiingereza, ya watoto wa Westlands. Hata mwanzo wake una ubishi. Wengi wanaiweka Eastlands katika miaka ya 1960 na 1970, kwenye nyumba zilizosongamana ambapo mtoto wa Mluo, wa Mkikuyu, wa Mluhya na wa Mkamba walicheza uwanja mmoja na hawakuwa na lugha moja ya mama. Alamin Mazrui ameutafuta mzizi wake nyuma zaidi, hadi miaka ya 1930. Ninachoweza kukuhakikishia ni kwamba haina fujo unayoidhani. Chukua sentensi "Walinicheki jana." Cheki ni la kigeni, lakini wa-, -li- na -ni- zimekaa pale pale ambapo mwalimu wa Kiswahili angeziweka. Hata ile -nga ya mwishoni, "anakujanga", "unajuanga", ina kanuni: inaonyesha mazoea, kama hu- ya Kiswahili sanifu, na lugha kama Kiluhya zina kiambishi cha namna hiyo. Maneno yanabadilika kila msimu. Mifupa ya sarufi inakwenda polepole sana.

Wala kubuni lugha ya kundi si ugonjwa wa watoto wa siku hizi. Waswahili wa Unguja katika karne ya 19 walikuwa na kinyume, usemi wa kupindua maneno kwa kupeleka silabi ya mwisho mbele, nyumba ikawa mbanyu, na Edward Steere aliyeandika sarufi ya Kiswahili wakati huo alikieleza. Vijana wa Nairobi walipoigeuza stori ikawa risto, walikuwa wanatumia chombo kilichokuwapo Pwani kabla ya reli kufika Nairobi mwaka 1899.

Je, inaficha mambo? Ndiyo, na sitakudanganya. Lugha yoyote ya kundi inaficha kitu, na mara nyingi kinachofichwa ni kidogo: nani anampenda nani, mwalimu gani anaudhi, nani ameshindwa mechi. Rada anayoisema ni mpango au habari, mbogi ni kundi la marafiki, luku ni mavazi na mtindo. Hayo hayana ubaya. Yapo pia maneno ya pombe na bangi, kama keroro na ngwai, na mtoto anaweza kuyajua bila kuyagusa, kama wewe ulivyoyajua ya wakati wako. Neno peke yake si ushahidi. Kinachotakiwa kukushtua ni tabia: pesa zinazopotea nyumbani, kulala hovyo, macho mekundu, marafiki wapya anaowaficha, masomo kuporomoka ghafla. Ukiona hayo usibaki kuchunguza misamiati. Zungumza naye, kisha piga simu ya NACADA, mamlaka ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, 1192, ambayo haina malipo. Na ukikuta kwenye simu yake ujumbe wa mtu mzima asiyemfahamu, wa mafumbo, zawadi na kumwambia asiseme nyumbani, huo si Sheng tena. Piga 116, simu ya watoto, au nenda moja kwa moja kwa afisa wa watoto.

Sasa kuhusu kumkataza. Unaweza, na nyumbani atanyamaza. Lakini neno lililokatazwa na baba ndilo lenye thamani zaidi bazeni, kwa hiyo utakuwa umeliongezea nguvu, na pia umejifungia mlango wa kusikia anachozungumza. Wazazi wengine hufanya kinyume: wanajifunza maneno yote mapya na kumsalimia mtoto kwa "rada ni gani?" mbele ya wenzake. Nakuomba usifanye hivyo. Anahitaji kitu ambacho si chako. Njia ninayoiamini ni ya katikati na ni ya polepole. Muulize neno linamaanisha nini, anayelisema ni nani, asiyeruhusiwa kulisema ni nani. Mpe na lako: mwambie habari ya Jirongo, mwambie 1992 ilikuwaje. Vijana hupenda sana kugundua kwamba baba naye alikuwa na lugha ya siri. Kisha weka mpaka ulio wazi: bazeni ongea upendavyo, kwa nyanya ongea Kiswahili au lugha ya nyumbani, kwenye karatasi ya mtihani andika Kiswahili sanifu. Watoto wa jiji hili hubadilisha lugha mara tatu kabla ya kufika shuleni, na wanaiweza kazi hiyo kuliko sisi.

Jambo moja tu hapa lingenifanya nishauri umpeleke kwa mtaalamu ana kwa ana: kama hawezi kubadilisha. Si kwamba hataki, hawezi. Ukimwona mbele ya nyanya yake au ya mwalimu anatafuta maneno asiyapate katika lugha yoyote, anashindwa kusimulia tukio kwa mpangilio, au matamshi yake yanamkwaza, baadhi ya hospitali kubwa za umma zina wataalamu wa matamshi na lugha, nao ndio wa kumpima. Sheng haileti tatizo hilo, lakini inaweza kulifunika kwa muda mrefu, kwa kuwa bazeni sentensi fupi zinatosha.

Linabaki suala la mwalimu. Ana haki kwa nusu. Kiswahili sanifu ni lahaja iliyochaguliwa kwa makusudi, Kiunguja kikiwa msingi, kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928, ili nchi kadhaa zisome na kuandika kwa namna moja. Mtoto asipokimudu atafungiwa milango ya kweli: mitihani, kazi za ofisini, uandishi, utangazaji. Kwa hiyo usimpuuze mwalimu. Lakini makosa mengi yanayoitwa ya Sheng si ya Sheng. "Kitabu yangu", "kiti imevunjika", "vitu mingi" ni Kiswahili cha Nairobi nzima; utakisikia kwa mawakili, kwa wauguzi, kwa watu wasiojua neno moja la vijana. Mtoto anayesikia hivyo tangu utotoni hawezi kuzijua ngeli kwa kunyamazishwa. Atazijua kwa kusoma na kusikiliza: hadithi fupi, magazeti ya Kiswahili, taarifa ya habari ya saa moja, na wewe mwenyewe ukijitahidi kuongea naye hivyo angalau wakati wa chakula cha jioni.

Nenda shuleni ukiwa na daftari lake la insha. Mwombe mwalimu mkae pamoja dakika chache, azungushie kwa kalamu moja maneno ya Sheng na kwa kalamu ya rangi nyingine makosa ya upatanisho wa ngeli. Rangi ya pili ikiwa ndiyo nyingi, kijana anahitaji vitabu na mazoezi, na kumkataza kuongea na wenzake hakutagusa tatizo hilo. Ya kwanza ikizidi, mpe insha hiyo hiyo airudie nyumbani kwenye kurasa mbili zinazotazamana, Sheng kushoto na Kiswahili sanifu kulia, sentensi kwa sentensi, kisha airudishe kwa mwalimu asahihishe ule upande wa kulia.